Muulize Shangazi wa Mwaloni

Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawafuati taa, mitumbwi inalala mchangani hapa Katonga, na wanaume wanashinda wamelala na simu zao. Ndiyo maana barua hunijia kwa wingi siku za mbalamwezi. Safari hii za simu zimezidi za ndoa, ingawa ukizisoma vizuri utakuta nyingi za simu ni za ndoa. Majina nimeyaficha. Nimeondoa pia rangi ya kava na upande ambao kioo kimepasuka, maana mwalo wetu ni mdogo na watu wanajuana kwa vioo.

*Shikamoo Shangazi. Mume wangu alitoka kuvua jioni, akarudi alfajiri na mabeseni mawili ya dagaa. Nilipochukua simu yake niangalie saa, nikakuta meseji ya Kifaransa inamkaribisha Burundi. Na saa ya simu ilikuwa nyuma kwa saa nzima! Nikimuuliza anasema hajui lolote. Nifungashe vitu? — Mke Asiyelala, Katonga*

Marahaba mwanangu. Usifungashe.

Simu haijui mpaka. Inajua mnara. Nchi kavu kuna vilima na nyumba za kuzuia mawimbi ya simu, lakini ziwani hakuna kitu, na mtumbwi ukishatoka mbali na taa za Kigoma, mnara wa jirani unaweza kusikika vizuri kuliko wetu. Simu inaukimbilia huo, na kampuni ya huko inatuma salamu kwa lugha yao. Burundi na Kongo ya mashariki wako nyuma yetu kwa saa moja, kwa hiyo simu iliyoachwa ijipangie saa yenyewe inafuata saa za wenyeji wake wapya. Kwako imeshatimia saa kumi na moja, yenyewe bado inasema saa kumi. Meseji na saa ni ushahidi wa jambo moja, na jambo lenyewe ni maji.

Halafu tazama mabeseni. Mwanamume aliyelala kwa mchepuko Bujumbura harudi Katonga alfajiri na dagaa wabichi. Anarudi na maelezo.

Mwambie aingie kwenye mipangilio, azime data ya nje ya nchi, na achague mtandao wake mwenyewe badala ya kuiachia simu. Asipofanya hivyo, ipo siku simu itakuwa ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, yeye anavuta wavu, na salio linaliwa na mnara wa ng'ambo kwa sababu WhatsApp imeamua kupakua video za kundi la harusi. Saa nayo aipange kwa mkono.

Ila kuna jambo hukuliuliza. Simu ikiwashwa, hata kile kiswaswadu chenye tochi, inajitambulisha kwa mnara, na kampuni inabaki na kumbukumbu. Laini zetu zote zilisajiliwa kwa alama za vidole. Mwisho wa zoezi ulikuwa Januari 20, 2020, sote tunaikumbuka foleni ya vitambulisho vya NIDA. Kwa hiyo yupo anayejua mumeo alikuwa upande gani wa ziwa kuliko unavyojua wewe, na huyo hujawahi kumnunia hata siku moja. (Na saa ya ukutani ina kasoro gani, mpaka uangalie ya kwenye simu ya mtu?)

*Shangazi, ziwa lilipofungwa nilikopa shilingi elfu hamsini kwenye programu ya simu, watoto wale. Kulipa nikachelewa siku chache. Wakamtumia meseji mama mkwe, tajiri mwenye boti ninayovulia, na imamu wa msikiti wetu, kwamba mimi ni tapeli na wao ndio wadhamini wangu! Hizo namba wamezipata wapi? Mpaka leo napita njia ya nyuma. — Mwenye Aibu, Kibirizi*

Pole sana, baba. Namba umewapa wewe.

Ulipopakua ile programu ilikuuliza maswali. Iruhusiwe kusoma majina yaliyomo kwenye simu? Ruhusu. Isome meseji? Ruhusu. Ione picha? Ruhusu. Ijue ulipo? Ruhusu. Ulikuwa na njaa, na mwenye njaa hasomi. Majina iliyataka yawe fimbo ya kukuchapia. Meseji ilizitaka kwa sababu humo ndimo zinamokaa risiti zako za kutuma na kupokea hela, na mtu akizisoma kwa dakika mbili anajua unaingiza kiasi gani giza zuri likija na unaishiwa lini. Mke wako ulimwekea namba ya siri kwenye simu hiyo hiyo.

Nisikilize sasa. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na miezi mitatu ni mirefu kwa mtu anayekula alichovua jana. Aliyekopa simkaripii. Lakini Novemba ya mwaka huo huo Benki Kuu ya Tanzania ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Chukua jina la waliokukopesha, litafute humo. Wakiwemo, hao walikuwa hawana ruhusa hata ya kukukopesha, achilia mbali kumwandikia imamu.

Tena ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ambayo Rais Samia Suluhu Hassan aliizindua Aprili 2024, na mwananchi aliyechezewa taarifa zake anaweza kulalamika huko. Wewe ulibonyeza Ruhusu. Mama mkwe hakubonyeza kitu. Namba yake ni taarifa yake, wala haikuwa yako kuigawa, na yeye ana haki ya kulalamika kwa jina lake mwenyewe. Ungemwona akiandika hiyo barua, ungeona programu ina bahati mbaya kiasi gani.

Fanya haya leo. Piga picha za skrini za kila meseji waliyotuma, na waombe waliotumiwa wasizifute. Ondoa ruhusa zote kwenye mipangilio, ndipo ufute programu. Lakini ujue kuifuta hakurudishi majina, yalishaondoka siku ya kwanza. Deni lenyewe usilikimbie, lakini lipa baada ya kujua unamlipa nani, na risiti uitunze. Kisha acha njia ya nyuma. Nenda kwa tajiri, nenda kwa imamu, waambie mwenyewe. Kwa mama mkwe usiende mikono mitupu. Migebuka minne mikubwa haijawahi kuharibu mazungumzo.

*Binti yangu, simu hizi zinatusikiliza. Juzi nimeketi kibarazani naongea na mwenzangu habari za injini ya boti, kesho yake Facebook inanionyesha injini za boti. Nimeitupa simu chini ya mto. Nikiizungushia taulo itasikia? — Mzee wa Ujiji*

Shikamoo mzee wangu. Taulo liache likaushe watu.

Wengi wanaapa kama wewe. Kipaza sauti kinaweza kutumiwa vibaya, na programu isiyokuwa na shughuli nacho uinyime. Lakini tuulizane taratibu. Uko kwenye kundi la wavuvi? Upo. Kwenye lile soko la mtandaoni la vifaa vya boti hukupita? Ulipita, ukatazama bei, ukaguna, ukatoka. Huyo mwenzako wa kibarazani, jioni ile hakutafuta bei ya injini kwenye simu yake, naye ni rafiki yako humo humo Facebook? Na simu yako haijui kwamba kila siku iko mita mia kutoka ufukweni?

Mwenye matangazo hana haja ya kukutegea sikio. Alama ulizoziacha kwa vidole zinamtosha, na hazili umeme kama kurekodi mazungumzo ya wazee kutwa nzima, ambayo nusu yake, samahani mzee, ni ya timu ya Kigoma ya miaka ile. Mwambie mjukuu akufungulie mipangilio ya matangazo, azime yanayofuata nyendo zako. Matangazo hayatakwisha. Yatakuwa ya kijinga zaidi: utaonyeshwa majiko na poda za watoto.

*Shangazi mambo. Nikitumia dirisha fiche la kivinjari, kaka yangu mwenye Wi-Fi anaona ninachoangalia? Naulizia rafiki yangu. — Kijana, Mwanga*

Mwambie huyo rafiki yako aoge, avae, atafute kazi. Kisha mweleze hivi: dirisha fiche linafuta nyayo ndani ya uwanja wako tu, waliokuona njiani wameshakuona. Ukilifunga, simu haikumbuki kurasa ulizofungua wala haibaki na vidakuzi vyake. Lakini mwenye Wi-Fi akiwa mjuzi anaweza kuona umetembelea tovuti ipi, kampuni ya simu vilevile, na tovuti yenyewe inajua kuna mtu kaingia. Huko Marekani Google walishtakiwa mwaka 2020 na watumiaji waliodhani hali hiyo inawaficha na wao Google. Mwaka 2024 wakakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu, na maelezo ya kwenye dirisha lenyewe wakayaandika upya. Kama watu wa huko walikwenda mahakamani kwa kutolielewa, wewe huna aibu. Wa aibu ni rafiki yako.

*Shangazi tuamulie. Mimi natumia Opera Mini, mwenzangu anatumia Chrome. Anasema mimi mshamba, namwambia yeye tajiri wa bando. Tumewekeana soda. — Wabishi wawili, stendi ya bodaboda*

Wote mnapoteza soda, lakini kwa sababu tofauti.

Wewe wa Opera Mini una akili ya matumizi. Kivinjari hicho kilibuniwa na Wanorwe na kutoka kwa mara ya kwanza mwaka 2005 kwa ajili ya simu ndogo na mtandao mzito. Ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapitia kwanza kwenye seva zao, unabanwa, picha zinapunguzwa, ndipo unaletewa. Bando la siku moja linafika siku tatu. Hilo ndilo linalokufaa, na ndilo hilo hilo la kuangalia: ukichagua ule ubanaji mkali kabisa, seva yao inasimama katikati yako na tovuti, na kinachopita inaweza kukisoma. Matokeo ya mpira, sawa. Bei ya mafuta, sawa. Neno la siri la benki, hapana.

Wewe wa Chrome unafungua tovuti bila seva ya kubana kukaa katikati, lakini kivinjari chako ni mali ya kampuni inayokula kwa matangazo. Walitangaza mwaka 2020 kwamba watavizima vile vidakuzi vya pembeni, vinavyokufuata kutoka tovuti hadi tovuti. Wakasogeza tarehe, wakasogeza tena, na Julai 2024 wakasema mpango umeachwa. Firefox na Safari walikuwa wameshavizuia zamani. Wekeni Firefox kwa mambo ya hela, Opera Mini kwa mambo ya mpira. Soda mniletee mimi, baridi.

*Dada, nimewekewa GB WhatsApp na fundi, naona meseji mtu alizofuta na yeye haoni kama nimesoma. Raha tupu. Kuna ubaya? — Mjuaji, Gungu*

Upo. GB si ya wenye WhatsApp. Ni nakala iliyochokonolewa na watu wasiojulikana, wala haipatikani kwenye duka rasmi. Unasoma meseji tatu alizofuta shoga yako, na aliyeitengeneza anaweza kusoma zako zote. WhatsApp wenyewe wakikugundua wanakufungia namba, uanze kuwaeleza wateja wako wa mawese kwamba umepotelea wapi. Rudi kwenye ile halali. Na huyo fundi, mlipoachana naye, mchoro wa kufungulia simu ulimwachia? Ubadilishe kabla hujamaliza kusoma mstari huu. Kisha piga *106# uone kama laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako ni zako zote.

*Shangazi, mimi ni mjasiriamali wa meseji. Natuma "ile hela tuma kwenye namba hii" kwa watu wengi kila siku. Zamani walikuwa wanatuma bila hata kuuliza. Siku hizi wananijibu "hela ipi?", wengine wananitukana, mmoja amenihubiria. Biashara imekuwa ngumu. Naomba mawaidha, namba yangu nimeiweka chini. — Kijana Mpambanaji*

Nimeiona. Nimeshaituma TCRA, 15040.