Mwongozo wa Kupanda Usambara Bila Kuhama Neasden

Kwanza kabisa, tandika ramani mbili mezani. Moja ni ya Tanga, inayoonyesha barabara ya lami ikitoka Mombo, ikipita Soni, ikijikunja kona baada ya kona mpaka Lushoto, kwenye milima ya Usambara. Ni kilomita zipatazo 33, na karibu mita 1,000 za kwenda juu. Ya pili ni ya Neasden, kaskazini-magharibi mwa London, ambako barabara ya North Circular inanguruma usiku na mchana na treni za Jubilee hupita zikiwa zimejaa watu wanaokwenda kwingine. Watu watakuambia kwamba ramani hizi hazina undugu wowote. Wasikilize kwa adabu, kisha endelea kupaka mnyororo mafuta.

Mwongozo huu namwandikia mtu ambaye likizo yake ya Desemba iko Lushoto, au Taita, au Kigali, na baiskeli yake imeegemezwa kwenye korido ya nyumba ya kupanga, ikimkwaruza mpangaji mwenzake miguu kila akienda jikoni. Ndugu yangu, usingoje kufika nyumbani ndipo uanze kupanda. Kilima unacho hapo hapo mtaani.

Kinaitwa Dollis Hill. Shika Dollis Hill Lane, barabara inayotoka upande wa Neasden hadi Edgware Road kule Cricklewood, nayo itakupitisha kando ya Gladstone Park upande wa juu. Bustani hiyo ilifunguliwa mwaka 1901 ikapewa jina la waziri mkuu aliyependa kuja kupumzika katika nyumba iliyokuwa pale kileleni. Mark Twain naye alikaa katika nyumba hiyo hiyo mwaka 1900. Serikali ilichimba handaki chini ya kilima hiki, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Oktoba 1940, Churchill na mawaziri wake walikutana humo. Jirani na hapo, katika kituo cha utafiti cha Posta, Tommy Flowers na wenzake waliunda Colossus, mashine iliyosaidia kufumbua ujumbe wa siri wa Wajerumani. Nakutajia yote haya kwa sababu kichwa kitahitaji kazi wakati miguu inafanya yake. Utapita hapo mara nyingi mno.

Mara ngapi? Tupige hesabu. Chagua mtaa mmoja unaopanda kutoka bondeni hadi kwenye mgongo wa kilima. Kama unakuinua mita 25, basi ukiupanda mara 40 umepata mita 1,000, na hapo kwa miguu yako umeshafika Lushoto. Uzito hauulizi uko nchi gani. Mtu na baiskeli yake wenye kilo 85 wakipanda mita 1,000 hufanya kazi ya takriban kilojuli 830, iwe ni kwa mkupuo mmoja kutoka Mombo au kwa vipande 40 vya Dollis Hill. Na kwa kuwa mwili hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake kwa joto, utakuwa umeunguza kilokalori zipatazo 800.

Usidhani ni wazimu wa kwako peke yako. Mwaka 1994 George Mallory, mjukuu wa yule Mallory aliyepotelea Everest mwaka 1924, aliupanda na kuushuka Mount Donna Buang huko Australia kwa baiskeli mpaka jumla ya alichopanda ikalingana na urefu wa Everest. Leo waendesha baiskeli duniani kote hufanya hivyo: kilima kimoja, mita 8,848, bila kulala. Kwa mtaa wetu wa mita 25 ni mara 354. Wewe anza na 10.

Kufikia mara ya tano, mzee anayetembeza mbwa atakuangalia. Mara ya nane atakuuliza kama umepotea. Msalimie vizuri, mwambie unakwenda Lushoto, uendelee. Heshima kwa wenye mtaa ni sehemu ya mazoezi: usipite kasi mbele ya shule, usipande kwenye njia ya waendao kwa miguu, na jioni za baridi washa taa, nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Ni sheria, na mwezi Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni.

Sasa tuje kwenye tatizo lenyewe, nalo ni zito. Kilima kifupi kinadanganya. Kila ukishuka, mapafu yanapumzika na mapaja yanasahau deni. Barabara ya Mombo haikupi nafasi hiyo. Itakudai saa mbili au tatu mfululizo. Wengi walio hodari kwenye vilima vya mjini hufia njiani kwa sababu hiyo: wanakanyaga kwa hasira dakika kumi za kwanza, kisha wanabaki kuhesabu migomba. Dawa yake ni kupanda pole pole kuliko unavyotaka. Panda Dollis Hill kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima, ukifika juu usisimame, na unaposhuka endelea kuzungusha miguu. Siku nyingine nenda Regent's Park alfajiri, uzunguke kwenye tambarare ukisukuma gia nzito kidogo kwa saa nzima bila kuachia. Inachosha akili kuliko miguu, na mlima mrefu hukuchosha vivyo hivyo.

Gia usizionee haya. Weka nyuma gurudumu la meno 32 au 34, na mbele meno 34. Hapo kila mzunguko wa pedeli unakusogeza mita mbili na kitu tu, na magoti yako yatakushukuru Soni.

Dollis Hill ikishakuzoea, ongeza ukali. Swain's Lane, kule Highgate, ni chini ya kilomita kumi kutoka Neasden. Haifiki kilomita moja, lakini kuna sehemu mwinuko wake unazidi asilimia 15, na inapita kando ya makaburi alikozikwa Karl Marx. Ukitaka safari ya siku nzima, endesha hadi Wembley Park, uingie na baiskeli kwenye treni ya Metropolitan nje ya saa za msongamano, ushuke Amersham. Hapo umefika vilima vya Chiltern. Kilele chao cha juu kina mita 267 tu, lakini barabara zake nyembamba zinapanda ghafla na kushuka ghafla kutwa nzima.

Kuhusu chakula, Neasden imekubariki kuliko miji mingi ya Ulaya. Hekalu la Swaminarayan, la mawe ya chokaa ya Bulgaria na marumaru ya Italia, lililofunguliwa mwaka 1995, linakusanya familia nyingi zilizotoka Kenya, Uganda na Tanzania, na wapo wazee humo wanaokujibu Kiswahili safi. Ukienda Ealing Road, Wembley, utakuta muhogo wa kukaanga ambao menyu za huko huuita mogo, wenye pilipili na ndimu. Hakuna chakula bora baada ya kupanda mara 40.

Kuna vitu Neasden haiwezi kukupa. Haina hewa nyembamba ya Iten, iliyo karibu mita 2,400 juu ya bahari, kwa hiyo ukienda huko jipe siku kadhaa kabla ya kujitutumua. Haina basi linaloshuka konani huku likipiga honi. Na kama unakwenda Rwanda, kumbuka huko magari hupita kulia, si kushoto kama London, Nairobi na Dar es Salaam.

Ukidhani milima ya kwetu ni ya mchezo, tazama Kigali, Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalipofanyika Afrika kwa mara ya kwanza. Mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267.5 na mita 5,475 za kupanda, zikiwemo barabara za mawe kama ile ya Kimihurura. Tadej Pogačar alishinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu, nao ni watu ambao kazi yao ni hiyo.

Wewe na mimi hatutawafikia, lakini Lushoto tunaweza kufika juu ya matandiko, bila kusukuma baiskeli kwa mikono. Kama unaishi pande hizi, itoe baiskeli kwenye korido Jumapili hii, jaza upepo, kagua breki zote mbili, uje Dollis Hill Lane kabla ya saa mbili asubuhi, wakati magari bado ni machache. Mwite na mpangaji mwenzako.