Ufa wa Kobe

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalipovuka mpaka na kuingia Kagera mwaka 1978, Kobe alikuwa kijana wa Mbagala, mpole, hodari wa kuokota maembe. Aliitwa, akaenda. Alilikuta daraja la Kyaka limevunjwa. Akayaona na mengine. Kampala ilipotwaliwa, tarehe 11 Aprili 1979, Kobe alikuwa hai. Rafiki yake Nungunungu alikuwa amebaki kando ya barabara ya Masaka.

Akarudi Mbagala na ufa kwenye gamba, toka shingoni hadi mkiani. Wanyama wakampokea kwa ngoma. Ngoma ilipolia akaingiza kichwa, asikitoe siku tatu.

"Shujaa gani anaogopa ngoma?" Kunguru akacheka juu ya mnazi.

Mbuzi akaja na udongo. "Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziba, ndugu yangu, usahau." Kobe akajipaka. Mvua ya masika ikauosha udongo. Akajipaka tena, na masika yakarudi tena. Halali, hali, majirani wakaacha kupita.

Mama Bata hakuleta udongo. Kila jioni alikuja, akakaa, akachambua manyoya yake, na giza likiingia akaaga: "Haya kaka, kesho." Mimi namwona huyu kuwa ndiye mganga mkubwa wa Mbagala. Msimu wa pili wa maembe Kobe akatamka neno moja: "Nungunungu."

Bata hakuuliza alikufaje. Aliuliza, "Alipenda nini?"

Kobe akazungumza mpaka alfajiri, akalia. Tangu siku ile akaanza kuona asiyoyaona ujanani: nani amekonda, nani hajatoka nje tangu juzi. Akawa anawapitia, kwa mwendo wake uleule.

Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la jeshi pale Mbagala likalipuka. Watu walikufa, nyumba zikabomoka, watoto wakapotezana na wazazi. Wanyama nao wakatimka. Kobe akaingiza kichwa, akitetemeka. Humo ndani akasikia wajukuu wa Bata wakilia kwenye moshi. Akakitoa. "Njooni huku kwa babu!"

Usiku uliofuata vifaranga walikuwa wakishtuka. Wakubwa wakawakemea waache woga. Kobe akawaambia, "Hata babu anashtuka. Tukae pamoja."

Kunguru akapata hotuba. "Mmeona? Vita ni shule! Tuwapeleke vijana wote, warudi na hekima kama ya Mzee Kobe."

"Mwanangu," Kobe akajibu, "vita vilinipa ufa, basi. Wenzangu wangapi walipewa ufa kama huu, wakakosa wa kukaa nao, wakafia ndani ya gamba? Mimi nilikua nikihangaika nao, na mwenzangu yupo kando."

Wanasaikolojia wa Marekani Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walioipa hali hii ya kukua jina la ukuaji baada ya kiwewe katika miaka ya 1990, wanasema karibu hilohilo: pigo lenyewe halimkuzi mtu, hukua katika kupambana na yale yanayofuata, na maumivu huweza kubaki palepale.

Kunguru akaruka bila neno. Jioni ile radi ikapiga upande wa Kigamboni, Kobe akaingiza kichwa. Vifaranga wakakaa, wakimngoja.