Mwongozo wa Mwokota Maganda

Mwongozo huu ni wa wapenda shabaha wa Marekani, nchi ambako mtu hununua fataki za kuwashia risasi na baruti dukani mchana kweupe, kisha akaenda kujitengenezea risasi kwenye gereji. Msomaji wa Nairobi au Dodoma asome kwa kujiburudisha tu. Huku kwetu ukikutwa unatengeneza risasi bila kibali, hakimu hatataka kujua maganda yako yaling'aa kiasi gani.

Kabla ya yote, weka sababu tayari. Ukiulizwa nyumbani, jibu ni moja: unabana matumizi. Ganda la shaba njano ndilo sehemu ghali zaidi ya risasi, nalo hutumika tena na tena, kwa hiyo kulitupa ni israfu. Hoja hii ni ya kweli kabisa mpaka utakaponunua presi, dai (kalibu ya kukamulia maganda), vernia, mizani na mashine ya kusafishia. Kuanzia hapo usipige hesabu tena.

1. Okota. Wenzako uwanjani wanatazama shabaha. Wewe tazama chini. Usigombee ganda mwenyewe akiwapo, subiri afunge begi. Kisha mulika ndani kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, fataki yake ni ya Boxer, chukua. Ukiona vitundu viwili pembeni, ni ya Berdan, liache. Edward Boxer alikuwa Mwingereza na Hiram Berdan Mmarekani, lakini Wamarekani wakaishika ya Boxer, na majeshi mengi ya Ulaya yakaishika ya Berdan. Atakayesahau somo hili atakumbushwa na sindano ya kutolea fataki, itakapovunjika.

2. Safisha. Kwa kazi yenyewe, kufuta masizi kwa kitambaa kunatosha, ila kitambaa hakina heshima. Nunua mashine ya kutikisa, uijaze magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Naam, magunzi yale yale ambayo mkulima wa Mbeya anawashia moto, Marekani yanauzwa kwa mfuko. Vumbi lake huwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo fanyia kazi penye hewa, nawa mikono, na chujio la chai la jikoni usilitumie kutenganishia maganda na magunzi. Dawa zenye amonia nazo ziepuke. Katika India ya Waingereza, risasi zilizohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi wakati wa masika ziliingia nyufa zenyewe, kwa sababu amonia ya mikojo hutafuna shaba njano iliyokwisha kukazwa na mitambo. Wanasayansi walilifafanua jambo hilo mwaka 1921. Kwa hiyo ukimwona mtu anang'arisha maganda kwa dawa ya kusafishia vioo, mwulize kama na farasi anaye.

3. Paka mafuta, kisha rudisha umbo. Bunduki ikilia, ganda hutanuka mpaka likabane na chemba. Dai hulikamua lirudi saizi yake. Mafuta yakiwa mengi, bega la ganda huingia mbonyeo. Yakiwa machache, ganda hunasa ndani ya dai, na mkono wa presi unabaki ukining'inia hauendi juu wala chini. Kuna seti maalumu ya kulichomolea, na huuzwa peke yake. Watengenezaji wa dai wanatujua vizuri.

4. Pima na ukate. Kila likikamuliwa, shaba hutiririka kuelekea shingoni, na ganda hurefuka. La .308 Winchester lisizidi milimita 51.18, wengi hulikata hadi 50.93. Hapa mzaha tuuweke kando kidogo: shingo ikizidi urefu, hubanwa mbele ya chemba ikang'ang'ania kichwa cha risasi, na shinikizo hupanda vibaya. Vilevile nyoosha kibanio cha karatasi, pinda ncha yake, upapase ukuta wa ndani karibu na kitako. Ncha ikikwama kwenye mfereji, ganda hilo linakaribia kukatika vipande viwili. Lipondeponde kwa koleo ulitupe, hata kama linang'aa kuliko yote.

Mzaha unaweza kurudi.

5. Choma shingo. Shaba njano ya risasi, asilimia 70 shaba na 30 zinki, hukakamaa kwa kutanuliwa na kukamuliwa, mwisho shingo hupasuka. Moto huilainisha. Kitako kisipate moto hata kidogo, maana kikilainika hakitahimili shinikizo. Wapo wanaozima taa za gereji ili waone rangi ya shingo inavyobadilika. Jirani akichungulia, mwambie umeme umekatika. Zipo pia mashine za kazi hii zinazozidi bei ya bunduki nyingi. Rejea sababu yako ya awali: unabana matumizi.

6. Panga kwa uzito. Grein moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, lakini wewe tenganisha maganda kwa desimali ya grein. Funga dirisha, zima feni, usipumue juu ya mizani. Yaliyolingana yatie kwenye boksi lenye tarehe. Yasiyolingana yatie kwenye boksi jingine, uwape marafiki.

7. Piga. Matundu yakikaa pamoja kwenye karatasi, sifa zote ni za maganda. Yakitawanyika, lawama zina utaratibu wake: anza na upepo, nenda kwenye darubini, kisha fataki, kisha baruti ya kopo jipya. Zote zikiisha, agiza mizani yenye desimali moja zaidi. Bega lako, lile linaloshtuka kabla hata mlio haujatoka, lisitajwe kabisa, kwa kuwa halijatengenezewa dai ya kulirudisha saizi yake.