Mkobani, Waiyaki Way

Saa kumi na mbili unusu jioni. Matatu ya Kangemi imekwama pale Westlands, chini ya barabara ya juu ya kulipia, wenye haraka na pesa wakiipita kichwani. Mkobani mwa dada mmoja wa ofisini mna abiria watatu: Kopo la unga wa ubuyu, lililonunuliwa mchana huu kwa kadi, Mabuyu mekundu ya Mtaa wa Tom Mboya, yaliyokunjwa kwa karatasi ya daftari, na Chungwa, lililo uchi kama lilivyozaliwa.

KOPO: Samahani, sogeeni kidogo. Lebo yangu inakwaruzwa.

MABUYU: Boss, tumebanana sote. Ungetaka nafasi ungepita huko juu.

CHUNGWA: Hiyo lebo inasemaje?

KOPO: (likikohoa) "Vitamini C mara sita ya chungwa."

(Kimya.)

CHUNGWA: Chungwa gani?

KOPO: Si wewe, mzee. Chungwa kwa jumla.

CHUNGWA: Chungwa kwa jumla ndiye mimi. Nimetoka Makueni. Wewe je?

KOPO: ...Kibwezi.

MABUYU: Kumbe majirani!

CHUNGWA: Basi tuhesabiane kijirani. Gramu 100 zangu zina miligramu 50 hivi za vitamini C. Zako?

KOPO: Mia tatu! Yaani... inategemea mti. Mwingine mia na hamsini, mwingine huvuka mia nne.

CHUNGWA: Lakini wewe ni mkavu tangu mtini. Ganda likipasuliwa, unga huo. Mimi katika kila gramu 100, takriban 87 ni maji. Yaondoe hayo maji, tupimane mkavu kwa mkavu, na kwa hesabu ya karatasi nakaribia mia nne. Halafu huyu dada atakula gramu ngapi zako?

KOPO: Kijiko kimoja. Asubuhi. Kwenye smuthi.

CHUNGWA: Gramu 10, kwa hiyo miligramu 30. Mimi huliwa mzima, nikapita 60. Shirika la Afya Duniani linamtakia mtu mzima 45 kwa siku. Sasa nani mara sita ya nani?

KOPO: Umeng'ang'ania vitamini moja tu! Karibu nusu yangu ni nyuzinyuzi. Kalsiamu ninayo, potasiamu ninayo, na ukali wangu ni wa asidi ya tartariki, sitriki na maliki. Umoja wa Ulaya ulinipa kibali cha kuwa chakula mwaka 2008.

MABUYU: 2008? Na kabla ya hapo tulikuwa nini, kokoto? Watoto walikuwa wakituficha mdomoni mwalimu akiingia darasani.

KOPO: Wewe hata usiseme. Umechemshiwa sukari, ukatiwa rangi. Vitamini C haivumilii moto.

MABUYU: Kweli kabisa. Sukari nyingi, rangi ya pakiti, iliki kidogo ya kudanganya pua. Lakini mimi nina lebo? Anayeninunua anajua ananunua ulimi mwekundu.

MBEGU: (kutoka ndani ya Mabuyu) Samahani, na mimi nina...

MABUYU: Nyamaza, wewe ni wa kutemwa.

CHUNGWA: Majani yenu je? Siyaoni humu.

KOPO: Majani hatuuzi.

MABUYU: Hawauzi, ati! Pwani machanga yake ni mboga, yanateleza kama mrenda. Afrika Magharibi wanayakausha, wanasaga, wanapikia mchuzi. Kalsiamu ya jani kavu mara nyingi huuacha mbali unga wa hili kopo.

KOPO: Mchuzi wa kuvutika hauna sura ya lebo. Sisi ni wa kimataifa. Mwaka 2022 mibuyu mizima ya Kilifi iling'olewa ipelekwe nchi ya Georgia.

MABUYU: Hiyo ni safari au ni utekaji? Rais mwenyewe aliagiza uchunguzi.

MBEGU: Protini na mafuta yako kwangu! Mmejipaka juu yangu tu...

KOPO: Una tanini, una fitati. Kaa kimya.

(Zipu inafunguka. Mkono unaingia.)

KOPO: Ananitafuta mimi. Nisafisheni vumbi.

(Vidole vinalipapasa Kopo, vinakuta kifuniko kimefungwa kwa plastiki ngumu, vinaliruka. Vinalipima Chungwa, vinakumbuka kwamba hakuna kisu. Vinachukua Mabuyu. Matatu inasogea hatua mbili, inakwama tena. Juu, mashavu yanafanya kazi. Kisha kioo cha dirisha kinasukumwa.)

MBEGU: (angani) Kwa taarifa yenu, mafuta yangu yanauzwa kwenye vichupa, tone kwa tone, kwa wapaka us...

(Mtaroni.)