Sifa za Bibi Mbu wa Lipangalala

Simba ameshasifiwa hadi amevimba kichwa. Tembo ana mashairi yake, mamba wa mto Kilombero ana visa vyake, na joka la Ulaya, lile la mbawa na moto wa kinywani, limeishi kwa umaarufu karne na karne. Mbu tu ndiye hana mtetezi. Anafanya kazi usiku kucha, hadai malipo ya saa za ziada, na shukrani anayopewa ni kofi. Leo namtetea, hasa mbele ya vijana wanaocheza michezo ya hadithi mezani, ambao kila wakiishiwa kisa hukimbilia kuazima pango na joka la watu.

Kwa asiyeijua, michezo hiyo iko hivi: watu wanne au watano wanakaa mezani, mmoja ni msimulizi, wengine kila mmoja ana mhusika wake, huyu mwizi, yule mganga, yule askari. Msimulizi analeta balaa, wachezaji wanasema watafanya nini, na dadu lenye pande 20 linaamua kama wamefaulu. Mchezo uliofungua njia, Dungeons & Dragons, ulitoka Marekani mwaka 1974, kazi ya Gary Gygax na Dave Arneson. Na Gygax hakuwa na makuu katika kutafuta majitu yake. Baadhi aliyapata kwenye mfuko wa vidude vya plastiki vya bei ya kutupa. Kimoja, kisichofanana na chochote kilichoumbwa, akakifanya mnyama anayekula vyuma vya mashujaa. Tangu 1975 mchezo huo una hata kiumbe kirukacho chenye mrija mrefu wa kunyonyea damu. Yaani walimkaribia mbu kabisa, wakaogopa udogo wake, wakamkuza. Wangefika Lipangalala, hapa Ifakara, Tanzania, wasingejisumbua.

Tazama anapozaliwa. Joka linadai pango, dhahabu na binti mfalme. Mbu wetu, Anopheles arabiensis, anatosheka na alama ya kwato za ng'ombe iliyojaa maji, tairi la trekta lilipopita, shimo la tofali nyuma ya nyumba. Masika, mto Lumemo ukivimba na majaruba ya mpunga yakijaa, anakuwa na makazi hadi upeo wa macho, na hajalipia kiwanja.

Lakini utamu wa kisa uko kwa ndugu yake, Anopheles funestus. Huyu hapendi madimbwi ya kupita. Anataka maji ya kudumu, yenye majani, yaliyotulia. Watafiti waliowakamata mbu vijijini Kilombero na Ulanga walikuta arabiensis ni wengi kupita kiasi na funestus ni wachache, ila hao wachache ndio wanaoeneza sehemu kubwa ya malaria. Msimulizi yeyote anajua thamani ya hilo. Wachezaji wako watapigana jioni nzima na jeshi la madimbwini, watahesabu maiti, watashangilia, kumbe mwenye shughuli yake ametulia kwenye bwawa la pembeni, kiangazi na masika, wala hajaguswa. Vitabu vya michezo vimejaa wahalifu waliojificha nyuma ya kiti cha mfalme. Hakuna hata mmoja aliyejificha kwa akili kama huyu.

Kisha ana masharti, na mchezo bila masharti ni kelele. Anayeuma ni jike peke yake, kwa sababu damu ni ya kukuzia mayai. Akinyonya damu ya mgonjwa, vijidudu vinahitaji kama siku 10 hadi 14 kukomaa ndani yake kabla hajaweza kumwambukiza mtu mwingine, na mbu wengi hawafikishi umri huo. Kwa hiyo wa kuogopwa ni bibi, aliyeponea makofi, buibui, popo na moshi. Mpe msimulizi siku hizo ziwe saa yake: kila usiku wachezaji wanaouchezea ovyo, bibi anazeeka usiku mmoja zaidi. Na mabwana? Wao wanakunywa utamu wa maua, na jua likizama wanakusanyika hewani kucheza ngoma juu ya sehemu zao maalumu, dakika chache tu, kisha wametawanyika. Wanakijiji wa bonde hili la Kilombero wamewahi kufundishwa na watafiti kuyatafuta makundi hayo, na wakayaona. Kuitafuta ngoma isiyosikika kabla giza halijaingia: kuna msimulizi anayehitaji kuongezewa nini hapo?

Nisieleweke vibaya. Nasifu nikiwa ndani ya chandarua, na pindo nimelichomekea. Mbu huyu amezika watoto wa bonde hili, na sifa ninazompa ni zile anazostahili adui hodari. Mwaka 1997 vyandarua vyenye dawa vilianza kuuzwa Kilombero na Ulanga kwa jina la Zuia Mbu, na ilipopimwa baadaye vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la watoto wadogo kunusurika. Ngao ya shujaa ikauzwa dukani, karibu na sabuni na chumvi. Bibi naye hakulala: vizazi vyake vikajenga usugu kwa dawa. Wakulima nao wanapohamia mashambani kulinda mpunga, wanalala kwenye vibanda na madungu yasiyo na ukuta wa maana. Hapo mlango wa ngome uko wazi bila msimulizi kubuni neno.

Tusisahau pia kwamba ana wasomi wake. Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika Ifakara mwaka 1949, ingawa yeye, nasikitika kusema, alivutiwa zaidi na papasi. Maabara iliyotokana na safari zake ndiyo mzazi wa Taasisi ya Afya Ifakara, na sidhani kama kuna mdudu mwingine nchini aliyewapatia watu shahada nyingi hivyo. Humo kumekuwa na kazi ambayo ingefaa kuwa daraja la juu kabisa la ushujaa mezani: mtu anakaa usiku kucha suruali imekunjwa hadi magotini, tochi mkononi, mrija mdomoni, akingoja mbu atue mguuni amvute kabla hajauma. Na humo mtafiti Fredros Okumu na wenzake walichanganya harufu bandia iliyowavuta mbu kuliko binadamu mwenyewe. Mwaka 2011 mitego yao ya harufu ya soksi chafu ikapata fedha za kuendelezwa.

Basi mchezaji wako akifika mezani na mhusika wake mwenye upanga wa moto, upokee upanga kwa heshima, uweke kando, umpe soksi. Akisema ni safi, mwambie akaivae siku tatu kwanza, zamu yake itamngoja.