Moyo Ulichagua, Akili Ikapatana Bei

Mimi ni mtu wa akili. Najisifia mwenyewe kwa sababu nyumbani kwangu hakuna mwingine anayejitolea. Kabla sijanunua hata ndoo, huandika kwenye daftari: bei, sababu, na kama ndoo yenyewe inaweza kungoja mwisho wa mwezi. Mke wangu husema daftari hilo ni kumbukumbu tu za mambo ambayo moyo wangu ulishaamua.

Jumamosi moja nilikuwa Kariakoo kwa shughuli zangu, mfukoni nina 25,000 za kujaza mtungi mdogo wa gesi nikifika nyumbani. Miguu ikanipitisha kwenye maduka ya kanga. Pale mlangoni ilitundikwa doti nyekundu, pindo jeusi, mji umejaa maua. Moyo ukasema: "Mama mkwe amekuja na jogoo mzima, wiki tatu sasa, hujampa hata kitambaa cha kujifutia jasho."

Nikaiita akili ije kuamua. Ilikuja, lakini ilikuja kama karani wa moyo. "Gesi huisha," ikasema, "kanga hudumu." Ikapatana bei kutoka 18,000 hadi 14,000. Ikanilowesha kidole nisugue kitambaa, nione kama rangi inachuja. Haikuchuja. Nikatoka dukani nimenyoosha shingo.

Sasa, mwanamke yeyote wa pwani atakwambia: kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, na jina ndilo husomwa kwanza. Zamani majina hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ningezaliwa enzi hizo ningekuwa na kisingizio.

Usiku, baada ya chakula, nikapiga goti. "Mama, pokea kizawadi." Akapokea kwa mikono miwili, akaikunjua, akavaa miwani. Mama mkwe ni mwalimu mstaafu, hasomi kimoyomoyo.

"MGENI SIKU MBILI, SIKU YA TATU MPE JEMBE."

Sebule ikanyamaza. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sikuwa nimeliona tangu siku nilipouza kabati lake. Kitinda mimba wetu, aliyekuwa anajifunza hesabu, akauliza: "Bibi ana siku ngapi?"

"Ishirini na mbili," bibi akajibu, akivua miwani.

"Mama, mimi niliangalia maua," nikasema.

"Nimekuelewa, mwanangu. Sasa hilo jembe liko wapi?"

Alfajiri nilimkuta nyuma ya jiko, kanga kiunoni, analima. Sisi tulikuwa tunapuliza mkaa, maana 11,000 zilizobaki hazikutosha gesi.

Tangu hapo, nikisikia watu wakisema akili na moyo hugombana, nacheka. Vyangu havijawahi kugombana. Moyo hutaka, akili huutafutia sababu, na hakuna anayesoma maandishi. Ukitaka akili ikufae, ipe kazi kabla moyo haujashika bidhaa. Ikija baadaye, itakachokusaidia ni kupunguziwa bei ya kosa.

Mama mkwe aliondoka mwezi uliofuata, kwa hiari yake, akiwa amevaa kanga yake. Ametuachia matuta mawili ya matembele, tunayachuma hadi leo. Na jembe ameniachia mimi.