Keki ya Jibini, Rahisi Kabisa

Nani alisema keki ya jibini ni kazi? Ponda biskuti, tia siagi, mwagia jibini laini, oka, kisha friji kwa saa 4, ukate vipande. Hapa Sange, mashariki mwa Kongo, ni rahisi kupita Ulaya. Jibini inashuka kutoka Masisi, na kila kizuizi barabarani kinaionja kwa upendo. Oveni ni mbabula, makala chini, makala juu ya kifuniko. Na friji? Mama, usihangaike: bwawa la Ruzizi II linagawia nchi 3 umeme tangu 1989, nasi nyaya tunaziona vizuri sana. Friji yetu, kitambaa cha kudarizi juu, haijawahi kuchoka. Keki iweke humo, kando ya viatu vya misa.